Ndoo ya Vyura Kutoka Ndungu

Vijana wa ofisi ya Same mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijui nani amewaambia kwamba mtu akistaafu anaanza kusahau. Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, kana kwamba anayestaafu ndiye mwenye haraka ya kujua ni saa ngapi. Nawashukuru, blanketi linafaa sana huku juu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Kwanza havikuwa vingi, pili havimfundishi mtu kumshika chura. Nitaandika habari za vyura, za mzee aliyenifundisha kazi, na za kosa langu moja ambalo wengine wenu mmelisikia nusu nusu. Afadhali mlisome kwa mwandiko wangu kuliko kulipata gulioni likiwa limeongezwa chumvi.

Nilianza kama kibarua wa kitalu cha miche pembeni ya msitu, kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia. Mkuu wetu alikuwa Mzee Mbonea, bwana miti, mtu mrefu mwenye kikohozi ambaye aliujua msitu ule kama mke anavyolijua jiko lake. Siku moja walikuja watafiti wakitaka mtu wa kuhesabu vyura kila mwezi baada ya wao kuondoka. Vijana wa kiume walicheka, wakakataa mmoja mmoja. Kwetu chura si mnyama wa kumpa mtu heshima. Mzee Mbonea akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nimeshika ndoo ya kumwagilia, akasema, "Mchukueni Nakunda. Hasemi sana na hachoki." Yote mawili yalikuwa uongo, lakini ndivyo nilivyopata kazi.

Alfajiri ya kwanza alinikalisha kwenye jiwe kando ya kijito. Nilikuwa na daftari jipya na penseli mbili, nimejiandaa kama mtoto wa darasa la kwanza. "Weka daftari mfukoni," akaniambia. "Funga mdomo." Tukakaa mpaka jua likatoboa majani. Akauliza, "Umesikia vyura wangapi?" Nikamjibu, wengi. "Wengi si hesabu. Kesho tena." Ilinichukua wiki mbili kuzitenganisha sauti tano. Yule aliyenichelewesha ndiye niliyekuja kumpenda kuliko wote, chura mdogo kama ukucha wa kidole gumba, wa kahawia, mwenye mstari mwembamba wa manjano kutoka jichoni hadi kiunoni. Alilia kama mtu anayegonga kijiko ukingoni mwa kikombe, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu. Tuliwaita "wadogo" tu. Nilipokuwa peke yangu niliwajibu kwa ulimi, nao wakati mwingine walinijibu. Hilo sikuliandika kwenye fomu.

Wadogo walipatikana kwenye vijito viwili tu tulivyovijua. Kimoja ni hicho changu, ambacho hushuka hadi kijijini na kujaza ndiva yetu. Kwa mnaotoka mbali, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo babu zetu walilijenga. Maji hujaa usiku, asubuhi mlango hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi mashambani. Kijito cha pili kiko ng'ambo ya mgongo wa mlima, na hicho Mzee Mbonea alikihesabu mwenyewe. "Kila mtu na kijito chake," alisema, nami sikukikanyaga kamwe. Mpare na mipaka yake mnamjua wenyewe; anaweza kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nilisikia tu kwake kwamba wadogo wa kule wanalia taratibu zaidi ya wangu, nikasema anajivuna.

Vifaa havikuwa vingi. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino na mvua havipatani. Mifuko laini ya plastiki, rula, mizani ndogo, kipimajoto, wavu wa mkononi na gambuti. Mikono ilowanishwe kabla ya kumgusa chura, kwa kuwa chura hanywi kwa mdomo, anakunywa kwa ngozi, na ngozi hiyo hiyo ndiyo humsaidia kupumua. Ukimshika kwa mkono mkavu wenye chumvi ni sawa na kumpaka mtu pilipili puani. Wanakijiji walinitania sana. "Nakunda, serikali imemaliza kuhesabu watu, imehamia kwa vyura?" Niliwaambia vyura hawanidanganyi umri. Kila jioni ya kuhesabu nilishuka, nikasuuza wavu na gambuti kwenye ndiva, nikaenda nyumbani kwa mama yangu kula makande. Huo ulikuwa utaratibu wangu kwa miaka mingi, na naomba muukumbuke, hasa ule wa kusuuza.

Kisha ukaja ukame ule mkubwa. Ukungu uliozoea kushuka saa tisa alasiri ukaanza kuchelewa, siku nyingine haukuja kabisa. Ndiva ikapasuka kama kisigino cha mzee. Mvua ziliporudi tulifanya msaragambo, kila kaya ikatoa mtu na jembe, tukazoa tope, tukaziba nyufa, maji yakajaa mpaka ukingoni. Ila yalikuwa kimya. Hapakuwa na chura hata mmoja. Mama yangu, ambaye alikuwa amezaliwa umbali wa kurusha jiwe kutoka ndiva ile, alikaa kibarazani jioni baada ya jioni akisikiliza, kisha akaniambia, "Maji yasiyo na vyura hayakai, mwanangu. Ni mgeni tu hayo, yataondoka." Wazee wote wa kwetu wanasema hivyo. Naye alisema kwa unyonge ambao sikuwahi kuusikia kwake.

Wiki hiyo nilitumwa Ndungu, kule bondeni, kuhesabu vyura wa mashamba ya mpunga. Ndungu vyura ni wengi mpaka mtu analazimika kupaza sauti ili asikike. Nikamfikiria mama. Nikachukua ndoo, nikaweka maji ya jaruba kidogo na vyura kama ishirini wa kawaida, wale wakubwa wa majanini, nikafunga mdomo wa ndoo kwa kanga, nikapanda nayo mlima nyuma ya pikipiki, nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Mwenye bodaboda aliniuliza njia nzima kama nimebeba maziwa. Nikawamwaga kwenye ndiva jua likizama. Kabla wiki haijaisha wakaanza kulia. Mama alicheka akapiga vigelegele peke yake kibarazani, majirani wakaniletea ndizi, na mwenyekiti wa kijiji akanishukuru hadharani kwa kurudisha maji. Sijawahi kusifiwa hivyo kazini kabla wala baada ya hapo.

Mzee Mbonea peke yake hakunisifu. Alisimama ukingoni akawatazama, akakohoa, akauliza, "Uliwaomba ruhusa?"

"Nani, mzee? Watu wa Ndungu?"

"Wenyeji," akasema, akaelekeza fimbo yake juu, kwenye kijito.

Nilidhani ni utani wa kizee. Yeye naye hakuwa na sababu ya kunieleza, alikuwa na hisia tu. Siku zile hakuna kati yetu aliyekuwa amesikia habari za ugonjwa wa vyura.

Habari hizo alikuja nazo Rehema. Nyote mnamjua leo kama Daktari, lakini alipofika alikuwa mwanafunzi mwembamba wa chuo kikuu, mzaliwa wa Makanya, aliyekulia kwenye vumbi la jasi na kushangaa ukungu kiasi cha kutoa ulimi auonje. "Shikamoo mama," alisema, kisha kabla sijamaliza "marahaba" akaniuliza nasafisha gambuti wapi na kwa kitu gani. Nilimwona hana adabu. Alileta glavu, glavu mpya kwa kila chura! Alileta vijiti vya pamba vya kumpangusa chura tumboni na miguuni, kila kijiti na kichupa chake cha kwenda maabara, na dumu la dawa ya klorini ya kuoshea viatu. Nilimtania kwamba vyura wake wanahudumiwa kuliko wagonjwa wa zahanati yetu. Akacheka, lakini gambuti zangu akaziosha mwenyewe.

Alinieleza tukiwa tumekaa juu ya gogo. Kuna kuvu, haionekani kwa macho, inasafiri majini, kwenye tope, kwenye kiatu. Inamkamata chura kwenye ngozi, ngozi inakuwa nene, chura anashindwa kunywa na mwishowe moyo unasimama. Si kila chura hufa. Wengine huibeba wakaishi nayo bila shida, hasa kwenye joto la bonde, maana joto huizuia. Inachopenda ni ubaridi. Na ukungu ukipungua vijito vikasinyaa, vyura hukusanyika kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki, wakaambukizana kama watu waliojazana chumba kimoja. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na akilini nilikuwa tayari nimeiona ile ndoo.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya miezi. Vyura wa Ndungu walikuwa nayo, wazima wa afya. Vyura wa ndiva walikuwa nayo. Na kijito changu kilikuwa nayo. Maji hayapandi mlima, hilo kila mtu analijua. Lakini mimi nilikuwa napanda kila mwezi, na wavu niliousuuza kwenye ndiva, na gambuti nilizosuuza pale pale.

Msimu uliofuata nikaanza kuwakuta wadogo mchana kweupe, juu ya majani, miguu imenyooka nyuma, hawarukii popote. Chura mzima hasubiri umkaribie. Mmoja nilimwokota, nikamweka kwenye kiganja chenye glavu, nikamgongea ule mlio wa kijiko kwa ulimi. Koo lake lilitikisika mara moja. Nikakaa naye mpaka akafa, kisha nikaandika namba yake, uzito wake na saa, kama kazi inavyotaka. Nililia pale kijitoni na sioni aibu kuliandika hilo.

Jioni ile Rehema alikuwa anachora ramani yake. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, kuna mtu yeyote aliwahi kuhamisha vyura huku? Kutoka bondeni labda?"

Nikasema, "Sijui."

Neno moja tu, na nikalibeba miaka mitatu. Niliogopa nini? Si kufukuzwa. Niliogopa sura ya yule binti, na niliogopa kwamba mama yangu angejua kwamba zile sauti zilizomlaza usingizi zilikuja na kifo ndani yake. Hiyo ndiyo kweli, ingawa haitoshi kuwa sababu.

Rehema alifanya alichoweza kwa alichoambiwa. Akaandika kwamba huenda kuvu ililetwa na wachimba dhahabu waliokuwa wakipita njia ya juu na ndoo na viatu vyao, akashauri njia ile ifungwe. Ndiva haikutajwa. Wakati huo kijito cha pili, kile cha Mzee Mbonea, kilikuwa bado safi. Vijiti vyote vya kule vilirudi bila kitu. Wadogo walikuwa wamebaki pale tu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila mwaka, baada ya mvua ndefu, kijiji hufanya msaragambo wa mifereji. Tunaanzia kwenye ndiva, kwa sababu wazee hukutania hapo. Tunazoa tope mpaka magotini. Halafu, kwa miguu ile ile na majembe yale yale, wenzangu huvuka mgongo kwenda kusafisha mdomo wa mfereji unaochukua maji kwenye kijito cha pili. Ndivyo ilivyo tangu enzi. Kipindi chote cha ugonjwa hatukuwa tumeufanya msaragambo ule, maana mfereji wa kule ulikuwa umebomoka. Mwaka ule kijiji kilipata saruji, na mwenyekiti akatangaza kanisani na msikitini kwamba Jumamosi kila kaya itoe mtu.

Jumatano nilikwenda kwa Mzee Mbonea. Alikuwa ameshastaafu, kifua kimembana, amelala karibu na moto. Nikamwambia Jumamosi watu watapitia ndiva kwanza. Akasogeza ukuni motoni kwa fimbo yake. Nikasema, "Mzee, wewe uliiona ile ndoo. Hukumwambia Rehema?"

"Ndoo haikuwa yangu," akasema.

"Angalau ungenisemea."

"Nimekusemea mara moja, siku ile ya kitalu, nikasema huchoki." Akakohoa. "Sasa nenda ukachoke."

Nilimkuta Rehema nyuma ya nyumba ya wageni akianika soksi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mama yangu, Ndungu, kanga, pikipiki, wavu, na lile "sijui." Hakunikatisha. Nilipomaliza akasema, "Miaka mitatu, mama," akaingia ndani akafunga mlango. Nikakaa kwenye ngazi. Jua lilikuwa linakaribia kuzama alipotoka na daftari na penseli, macho mekundu. "Anza tena," akasema. "Taratibu, niandike. Vyura wangapi, na ulitoa maji ya jaruba lipi?"

Nikamwuliza kama ni mimi niliyewaua. Nilitaka aseme ndiyo au aseme hapana. Akasema, "Huenda. Huenda ni wachimbaji, huenda ni mimi na viatu vyangu vya kwanza, huenda ilikuwepo zamani na ukame ndio ulioipa nguvu. Hatutajua, mama." Nimekaa na jibu hilo mpaka leo na sijalizoea.

Jumamosi watu walikutana kwenye ndiva, kama kawaida, majembe begani. Nikaomba kusema kabla mtu hajakanyaga tope. Nikasema kwamba vyura niliosifiwa kwa ajili yao walikuja na ugonjwa, kwamba kijito kinachojaza ndiva kimenyamaza, na kwamba tukivuka mgongo na tope hili tutakizika na kile cha pili. Nikaomba tuanze kule, na ndiva iwe ya mwisho.

Yakazuka maneno. Mzee mmoja akasema msaragambo haujawahi kuanzia mwisho tangu babu yake. Mwingine akacheka, "Kesi hii ataihukumu nani, chura?" Kijana mmoja mchimba dhahabu, ambaye alizuiwa kupita njia ya juu kwa ajili ya ile ripoti, akanitazama akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe wewe, mama. Sisi tumeitwa waharibifu miaka yote hii." Hilo ndilo lililonichoma, kwa kuwa lilikuwa haki yake. Nikamwomba radhi mbele ya watu wote. Hakuwa na deni la kunijibu.

Ndipo mama yangu akainuka kwenye jiwe, na fimbo yake. "Mimi ndiye niliyelilia vyura," akasema. "Mtoto alinisikia akafanya kama mtoto. Mkitaka kumlaumu mtu, nianzieni mimi, halafu mwende ng'ambo mkiwa na miguu mikavu." Hapo mwenyekiti akakohoa, akasema basi, leo tunaanzia ng'ambo. Rehema alikuwa ameshaweka pipa la dawa kwenye njia panda, watu wakapita mmoja mmoja wakichovya viatu na majembe, wakilalamikia harufu. Tangu siku ile msaragambo wetu unaanzia ng'ambo. Watoto wanaozaliwa sasa wataapa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi.

Mama alifariki mwaka uliofuata, na Mzee Mbonea baada yake. Kijito changu niliendelea kukihesabu kila mwezi mpaka nikastaafu. Safu ya wadogo ina sifuri kutoka juu ya ukurasa hadi chini, kurasa na kurasa. Mtu anaweza kudhani sifuri ni rahisi kuandika. Nilikaa saa ile ile, nikagonga ulimi, nikangoja. Nawakumbuka wale viumbe kuliko ninavyoweza kumweleza mtu ambaye hakuwahi kuwasikia, na kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika nimewasikia, kumbe ni mjukuu na kikombe chake cha uji.

Mwezi uliopita Rehema alipanda kutoka Same na gambuti mpya kwenye boksi. "Namba yako, mama. Hazijakanyaga popote. Leo nakupeleka ng'ambo."

Nilizivaa. Zilinitosha. Tukatembea pamoja mpaka njia panda, penye pipa, akachovya zake akanisubiri. Nikamwambia aende.

"Dawa inaua kila kitu, mama. Mimi ndiye niliyeipima."

"Najua, mwanangu. Naiamini. Lakini kijito kile hakijawahi kukanyagwa na mimi, na sina kitu kingine cha kukipa."

Alinitazama, akataka kubisha, akaacha. Nikakaa kwenye nyasi kumngoja. Upepo ulikuwa unatoka upande wa bonde, kwa hiyo sikusikia chochote. Alikaa sana. Aliporudi magoti yake yalikuwa yamelowa, na daftari lilikuwa bado kwenye begi.

"Wapo?" nikamwuliza.

"Wapo."

"Wangapi?"

"Sikuhesabu, mama," akasema, akakaa karibu yangu. "Nilikaa tu, nikawasikiliza badala yako."